Sura ya Tisa, Aya ya Tatu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi; Mheshimiwa Diwani; Baba Paroko, mwenye ukumbi huu; Ndugu Afisa Elimu na wataalamu wote mliofuatana naye kutoka Matai katika tope lile la juzi; Mkuu wangu wa shule na walimu wenzangu; wazee wangu wa Msanzi, shikamooni; ndugu zangu wa kikundi cha kusoma, mliokwenda kukaa kule nyuma karibu na masufuria kana kwamba hamjui shughuli hii ni yenu; na ninyi wanafunzi, ambao najua mnaniombea niwe mfupi:

Nawasalimu nyote, na nawaomba radhi mapema. Sitakuwa mfupi. Nimefundisha miaka thelathini na mitatu kwa vipindi vya dakika arobaini, na kila nilipofika patamu kengele ilinikata. Leo ninastaafu na hakuna kengele.

Mshereheshaji wetu amenimwagia sifa. Amesema Mwalimu Janeth alikuja huku kutoka Tukuyu akiwa binti mwembamba, akidhani atakaa mwaka mmoja na kuomba uhamisho. Ni kweli, na barua ya uhamisho niliiandika. Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, na nyie Wafipa mlikuwa mkinicheka ninavyovaa makoti mawili darasani. Amesema pia kwamba mimi ndiye mama wa maktaba ya mkononi. Nimefurahi, nisiwadanganye. Lakini kuna jambo amelisahau, au amelificha kwa adabu: mimi huyu huyu ndiye niliyekaribia kuiua. Nimekuja kulisema hilo mbele yenu, kwa sababu nikiondoka kimya atakayenifuata atalirudia, na safari hiyo huenda asiwepo mtu wa kutuokoa.

Kwa wageni ambao hawaijui, maktaba yetu haina jengo wala mlango. Ni vitabu mia mbili na kumi vya kielektroniki na wasomaji ishirini na saba. Vingine ni vile ambavyo wenyewe wameruhusu vigawiwe, hivyo tunarushiana simu kwa simu. Vingine, hasa vya masomo, mchapishaji alitukubalia tuvisome kwa akaunti moja ya kikundi, na bila akaunti hiyo havifunguki. Tunavisomea wapi? Popote panapowaka. Tuna vishikwambi sita walivyotuletea wanafunzi wetu wa zamani. Tuna kompyuta moja ya mpakato ya shule ambayo betri yake ilikwisha kufa, kwa hiyo ukigusa waya wake darasa zima linapiga kelele. Zilizobaki ni simu zenu, na simu zenu nazijua: kubwa, ndogo, zilizopasuka kioo, zilizofungwa kwa mpira wa kufungia vitumbua. Programu nazo kila mmoja ana yake. Huyu herufi zake zinajipanga upya akizikuza, yule inabidi avute ukurasa kushoto na kulia kama anapepeta ulezi, na mwingine ana programu inayomsomea kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Je, mnakumbuka Alhamisi yetu ya kwanza? Tulikutana nyumbani kwa Mathias, fundi wa mashine ya kusaga, kwa sababu pale simu zinachajiwa hata mvua ikikataa sola. Nilikuwa nimewaagiza, kwa sauti yangu ya darasani, kila mtu asome riwaya mpaka ukurasa wa arobaini. Mkaja mmesoma. Tukaanza mjadala, na dakika tano hazikupita watu wakawa wanagombana. Kwenye simu ya Mathias, ukurasa wa arobaini, yule bwana wa kwenye riwaya alikuwa bado hajaoa. Kwenye kishikwambi kikubwa cha Katekista Kalisti alikuwa keshaoa, keshaugua na keshazikwa. Mathias akakasirika kweli kweli. Akasema, "Mwalimu, huyu mzee amenimalizia mtu wangu!" Kalisti naye akajitetea kwamba amesoma alichoagizwa, hakuzidisha hata mstari.

Nikajaribu kuwaelekeza. Nikasema wote wakuze herufi kwa kiasi kimoja. Haikusaidia. Nikasema basi wote watumie programu moja. Simu nne zikaikataa. Nilikuwa nimebakiza kusema wote wanunue simu za aina moja, na hapo ndipo Kalisti aliponyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mwalimu," akasema, "mbona kanisani hatusemi ukurasa?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Biblia yangu ni ya mfukoni. Ya Padri ni ile kubwa. Ya Mama Angela imeng'oka jalada na kurasa za mwanzo hazipo. Na hatujawahi kupotezana hata Jumapili moja. Tunataja sura na mstari, basi."

Ndugu zangu, mimi nina shahada. Nimehudhuria semina za teknolojia Sumbawanga mjini, semina tatu, na vyeti ninavyo. Hakuna semina iliyonifundisha hilo. Kuanzia Alhamisi ile tukaacha ukurasa. Kila sura tukaanza kuhesabu aya kutoka juu, na kila msomaji akawa na daftari dogo anapoandika alipoishia: kitabu hiki, sura hii, aya hii. Ukitoka kwenye simu ukaingia kwenye kishikwambi, unafungua daftari. Ukimwazima jirani simu yako, unafungua daftari. Wenye bando wanajua kwamba programu zenyewe zinaweza kukumbuka ulipoishia na kukufuata kutoka chombo hadi chombo, lakini hilo linahitaji mtandao, na mtandao wetu hapa mnaufahamu. Unapanda kwenye kichuguu, unainua mkono, unasubiri.

Sasa nimtaje mtu mmoja. Rozina, simama. Simama mama, usijifiche nyuma ya Mathias, hakufichi vya kutosha.

Rozina ni mke wa Mathias, ana watoto wanne, analima mahindi na ulezi, na aliacha shule akiwa kidato cha pili. Miaka miwili iliyopita alikuja kwangu akiwa na jembe begani, akasema, "Shikamoo mwalimu. Nataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usinicheke." Sikumcheka. Nilimwingiza kwenye akaunti. Asubuhi alisoma kwenye simu ya mume wake kabla haijaenda mashineni. Jumatano alisoma kwenye kishikwambi, zamu yake. Jioni, maharage yakiwa jikoni, alisoma kwenye simu ya binti yake, simu ambayo kioo chake kina ufa katikati, kwa hiyo kila mstari alikuwa anakisia neno moja. Vyombo vitatu, programu tatu, na kati yao daftari moja lenye alama za masizi. Nani kati yetu tuliosoma bweni, tukaamshwa kwa kengele na kupikiwa uji, anaweza kusema alisoma kwa bidii mbele ya mama huyu?

Kaa mama, asante.

Sasa nije kwenye kosa langu. Akaunti ile niliifungua kwa jina langu, kwa laini yangu, na neno la siri nikalijua mimi peke yangu. Mwalimu Nestory, kijana wetu wa Fizikia ambaye kompyuta zinamtii, aliniambia mara tatu: "Mama, tuongeze watu wengine wawili kwenye akaunti. Je, ukiugua?" Mara ya kwanza nilimwambia nitafikiria. Mara ya pili nilimwambia vitabu si mali ya kuachiwa kila mtu. Mara ya tatu, na hili ninamwomba radhi hadharani, nilimuuliza kama amekuja Msanzi kufundisha au kunirithi. Kijana aliyelelewa vizuri huwa hajibu, na sisi wakubwa tunadhani tumeshinda.

Kwa nini nilikataa? Nimejiuliza sana. Nilipenda kuombwa, ndugu zangu. Nilipenda mtu akitembea kutoka kijiji cha tatu kuja kusema, mwalimu nifungulie. Nilijiona wa maana.

Na kulikuwa na jingine, la laini yenyewe. Laini ile ilisajiliwa kwa alama ya kidole cha marehemu mume wangu, Yoramu. Siku ya kusajili mimi nilikuwa nasimamia mtihani na namba yangu ya kitambulisho ilikuwa haijatoka, akaniambia, "Weka kidole changu, vyako na vyangu ni vimoja." Alipofariki, miaka minne iliyopita, sikuibadilisha. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, sheria naijua, usinitazame hivyo. Sikuibadilisha kwa sababu kila aliyenitumia nauli aliona jina lake likitokea, akaniuliza, na mimi nikapata nafasi ya kumtaja. Mtu akishazikwa, nafasi za kumtaja zinapungua haraka sana.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilikwenda Kabwe, ziwani, kwa Leonidas. Huyo nilimfundisha, sasa ni mfanyabiashara wa samaki, wale migebuka, na ameanzisha kikundi cha kusoma na wenzake. Nilipokuwa nashuka kwenye boti nilishika sketi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, na boti ikapiga ukingo. Mikono miwili haikutosha. Leonidas aliruka majini na shati lake. Alipata kiatu changu, simu hakuipata.

Nikacheka, mbele ya watu. Nikasema simu ni chuma tu. Siku ya tatu, nikiwa nimerudi hapa, Nestory akaja mbio kutoka ofisini. Akaunti ile, uifungulie programu yoyote, kila baada ya muda humuuliza mwenyewe: ni wewe kweli? Hutuma namba kwenye laini yake, na namba isipojibiwa hufunga vitabu. Sasa ilikuwa imeuliza, na kila simu iliyogusa mtandao siku ile ilifungwa. Nikaenda Sumbawanga kurudisha laini. Binti wa dukani akaniambia kwa upole, "Mama, anahitajika mwenye kidole." Nikamwambia mwenye kidole amelala Tukuyu. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka nikalia, mwalimu mzima, watu wakinipita. Sikulilia simu. Nilimlilia Yoramu kwa mara ya pili, na nilimlilia Rozina, kwa sababu mtihani wake ulikuwa umebaki siku kumi na tisa, na kitabu chake cha Biolojia na cha Historia vilikuwa nyuma ya mlango nilioufunga mimi.

Nilimwendea nyumbani kwake, nikiwa na Nestory, kumwambia mwenyewe. Nilitegemea atalaumu. Mathias ndiye aliyelaumu, na alikuwa na haki. Alisema, "Mwalimu, mke wangu ameamka saa kumi miaka miwili. Miaka miwili! Kumbe yote hiyo umeiweka mfukoni mwako?" Rozina alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha. Aliuliza swali moja tu: "Simu zote zimefungwa, au zile zilizogusa mtandao?"

Hilo, ndugu zangu, ni swali la mtu anayesoma. Mimi sikuliuliza, na Nestory, kwa hofu, alikuwa hajaliuliza. Tukatazamana. Kisha mimi, Nestory na Rozina tukataja jina moja kwa pamoja: Kalisti.

Mnamjua Katekista Kalisti. Tangu apewe kishikwambi, vitabu vikiwa vimeshapakiwa, hajawahi kuwasha data. Tulimtania kwa ubahili wake. Tulisema siku atakayonunua bando Baba Paroko atapiga kengele. Tulimkuta shambani, kishikwambi kikiwa nyumbani ndani ya mfuko wa unga uliofungwa fundo. Tukakiwasha, Nestory akiwa amezima kila kitu kinachoweza kunusa mtandao. Vitabu vilikuwemo vyote. Biolojia ilikuwemo, Historia ilikuwemo.

Kalisti alikuwa katikati ya kitabu chake cha ufugaji wa nyuki, amebakiza sura mbili. Hakuuliza atarudishiwa lini. Alikifunga tena ndani ya mfuko ule ule, akampa Rozina, akamwambia maneno ambayo tangu siku hiyo tunayatumia kama salamu: "Usiwashe data hata akikuambia malaika."

Alama zote ambazo Rozina alikuwa ameziweka ndani ya programu kwa miaka miwili, mistari aliyoipaka rangi na maswali aliyoyaandika pembeni, zilikuwa zimepotea. Hazijarudi mpaka leo. Mchapishaji alituelewa, akatufungulia akaunti mpya baada ya wiki sita, lakini zile hazikurudi. Kilichobaki ni daftari lenye masizi. Sura ya sita, aya ya kumi na nne, rudia. Sura ya nane, aya ya pili, sijaelewa, muulize mwalimu. Alifungua kitabu kwenye kishikwambi ambacho hakuwahi kukishika, akaenda moja kwa moja mahali pake, kama mtu anayeingia nyumbani kwake bila taa. Siku kumi na tisa alisoma hivyo. Matokeo mmeyasikia mwezi uliopita. Amefaulu masomo sita. Hisabati imemshinda, na wiki iliyopita amejiandikisha kuirudia, na nawaonea huruma watakaosahihisha, kwa sababu mama huyu hatawaacha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa naomba niseme na ofisi.

Nimesikia, na masikio yangu bado hayajastaafu, kwamba kuna wazo la kukusanya vishikwambi vyetu sita na kuvifungia kwenye kabati la chuma mpaka apatikane msimamizi mpya. Aliyelitoa wazo hilo namheshimu. Ana nia njema. Anaogopa vitu visije vikapotea. Lakini nimuulize, na nawauliza ninyi nyote: maktaba ilipokuwa salama kabisa, chini ya mtu mmoja mwaminifu, mwenye shahada, anayeipenda, nini kilitupata? Na kilichotuokoa kilikuwa kabatini, au kilikuwa kwenye mfuko wa unga nyumbani kwa mtu?

Kabati hilo funguo zake ninazo. Hizi hapa. Nazikabidhi kwako, Ndugu Afisa Elimu, kwa mikono miwili na kwa heshima zote. Ukienda kulifungua utakuta sanduku la chaki na mpira wa pete uliopasuka. Vishikwambi vipo kwa wasomaji, kila kimoja kimeandikwa kipo kwa nani na kinahamia kwa nani Alhamisi ijayo, na orodha hiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo pale nje, chini ya zamu za kufagia kanisa. Vilipewa kikundi, kikundi kipo, na kikundi hakistaafu. Nimesema hili kwa unyenyekevu, lakini nimelisema, na nitalirudia kwa barua nikiwa Tukuyu mara zote itakapohitajika.

Akaunti mpya haina jina langu. Ina watu watatu: Mwalimu Nestory, Katekista Kalisti na Rozina. Laini ni za watatu, na vidole ni vya watu walio hai. Akisafiri mmoja, wanabaki wawili; akifungiwa mmoja, wanafungua wawili.

Na leo asubuhi, kabla hamjafika, tulikaa sisi wanne kwenye chumba cha katekesi pale nyuma. Neno la siri la akaunti hiyo, la mwisho nililokuwa nalijua mimi, lilikuwa bado linafanya kazi. Nilimpa Rozina kishikwambi, nikamwambia alibadilishe, wenzake washuhudie. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikawapa mgongo. Nilisikia vidole vyake vikigusa kioo. Alichelewa kidogo, nadhani alikuwa anapangusa macho, au ni mimi niliyekuwa napangusa. Kisha akasema, "Tayari, mwalimu. Usigeuke kwanza, Kalisti anaandika."

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama kuna atakayenifuata baadaye kwenye pilau akaninong'oneza, mwalimu nifungulie, ajue kabisa: sijui. Kwa mara ya kwanza tangu maktaba hii ianze, silijui neno lake, na nimelala leo usingizi wa mchana ambao nilikuwa sijaulala mwaka mzima.

Nina ombi moja tu kwa wasimamizi wapya. Nimeandika jina langu kwenye daftari la maombi, kama kila mtu, niwe msomaji wa ishirini na nane. Simu ninayo mpya, ndogo, na laini ni ya kidole changu. Riwaya ile tunayoisoma sasa sijaimaliza. Nipo sura ya tisa, aya ya tatu, pale mama anaposhika kitasa cha mlango na hatujajua kama atafungua. Alhamisi mtakapokutana kwa Mathias, fikeni hapo, mnisubiri. Mkinikubalia, nitaendelea kutoka hapo hapo.

Mmenipa masikio yenu muda mrefu kuliko nilivyostahili, na nawashukuru kwa moyo wangu wote. Kalisti, kachukue kitabu chako cha nyuki. Bado umebakiza sura mbili.